Roboti, Mwili wa Binadamu na Hofu Iliyolenga Pabaya

Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipoanza kuwasajili wananchi kwa ajili ya Huduma Namba, namba moja ya utambulisho wa kila mtu, baadhi ya Wakristo walikataa kujiandikisha. Walisema namba hiyo ni alama ya mnyama inayotajwa katika Kitabu cha Ufunuo. Mwaka uliofuata Uviko-19 ukaingia pamoja na uvumi wake, kwamba chanjo imefichwa chipu ya kumfuatilia mtu popote aendapo. Uvumi huo ulisafiri kwa simu za mkononi, zile zile ambazo kila dakika huujulisha mtandao mwenye simu yuko wapi. Na katika miaka hiyo hiyo, hospitali kubwa za ukanda wetu ziliendelea kuwawekea wagonjwa betri za moyo, wala hakuna aliyeandamana.

Mtu anaweza kuikataa chipu ambayo hakuna aliyemwekea, kisha akaomba kwa machozi mama yake awekewe kifaa cha umeme kifuani. Wapo wanaouita huu ujinga, na wapo wanaouona kuwa ni imani inayopambana na sayansi. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Uchambuzi huu unapitia chimbuko la suala hili, hoja za wanaozikaribisha roboti na za wanaozikataa, nguvu na udhaifu wa kila hoja, kisha unazipima.

Usuli: hofu ilitangulia kifaa

Roboti iliasi jukwaani kabla haijaonekana kiwandani. Tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, ilioneshwa Prague mwaka 1921, na ndani yake watumishi wa kutengenezwa wanawaangamiza mabwana zao. Ilipita miaka 40 ndipo roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ikaanza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Haikuwa na uso wala miguu. Ulikuwa mkono mmoja wa chuma uliohamisha vipande vya chuma vya moto, kazi iliyokuwa ikihatarisha afya za wafanyakazi.

Tangu hapo roboti zimepita njia mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani: kufikia mwaka 2023, viwanda vya dunia vilikuwa na roboti zaidi ya milioni 4, na Korea Kusini ilikuwa na roboti 1,012 kwa kila wafanyakazi 10,000, ilhali wastani wa dunia ulikuwa 162. Ya pili ni ya maisha ya kila siku. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha mfumo wa upasuaji wa da Vinci, ambao mikono yake ya chuma huongozwa na daktari, na miaka miwili baadaye Roomba ikaanza kufagia sakafu za nyumba.

Njia ya tatu, ya vifaa vinavyoingia mwilini, ni kongwe kuliko zote mbili. Oktoba 1958, miaka mitatu kabla ya Unimate, daktari Åke Senning wa Sweden alimpandikiza Arne Larsson betri ya moyo iliyobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa hicho cha kwanza hakikudumu hata siku moja, lakini Larsson alibadilishiwa vingine zaidi ya 20 na akaishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Kama roboti ni mashine inayohisi mazingira yake, ikaamua kwa programu na kutenda bila kusubiri amri, basi betri ya moyo ya kisasa ni roboti kuliko mdoli mwenye magurudumu anayepeleka sahani mezani. Inasikiliza mapigo, inaamua kama yamechelewa, inatoa umeme. Jamii imekwisha kuikubali roboti iliyo ndani kabisa ya mwili, huku ikiendelea kubishana kuhusu ile iliyosimama mlangoni.

Watu wanasema nini wanapoulizwa

Tafiti kubwa za maoni zimefanywa zaidi Ulaya na Marekani, na zinaonesha mgawanyiko kama huo. Utafiti wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 70 ya raia wana mtazamo mzuri kuhusu roboti. Kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 64 mwaka 2014 na 61 mwaka 2017. Mwaka huo wa 2012, asilimia 88 walikubali kwamba roboti zinahitajika kwa kazi ngumu au za hatari, ilhali asilimia 60 walitaka zipigwe marufuku katika kulea watoto, wazee na watu wenye ulemavu.

Kuhusu mwili, taasisi ya Pew ya Marekani ilichapisha mwaka 2022 utafiti wa maoni juu ya chipu za kuongeza uwezo wa ubongo. Asilimia 56 walisema matumizi yake yakienea yataidhuru jamii. Lakini walipoulizwa kuhusu chipu hizo hizo kumsaidia aliyepooza atembee au ashike kitu, asilimia 77 waliunga mkono.

Wengi huzisoma takwimu za aina hii kwa kipimo cha umbali: kadiri mashine inavyomkaribia mtu, ndivyo anavyozidi kuikataa. Kipimo hicho kinaeleza kwa nini roboti ya kiwandani inapendwa na ya kulea mtoto inakataliwa. Kinashindwa kueleza kwa nini chipu iliyo ndani ya ubongo wa aliyepooza inaungwa mkono kuliko mashine iliyoketi pembeni ya mzee. Kuna kitu kingine watu wanachokipima, hata pale wasipokitaja.

Hoja ya wanaozikaribisha

Wanaozikaribisha roboti wana mifano ya karibu. Kinshasa, mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na kundi lake la wanawake mafundi walisimamisha njia panda roboti za kuongoza magari: mtu wa alumini mwenye urefu wa kama mita mbili na nusu, anayetumia umeme wa jua, mwenye kamera na taa. Madereva wengi walizisifu kwa sababu isiyohusu teknolojia. Roboti haiombi kitu kidogo. Katika mji ambao dereva amezoea kusimamishwa ili atoe chochote, mashine isiyo na njaa ilionekana kuwa na haki kuliko mtu.

Nchini Rwanda, Mei 2020, roboti tano zilizopewa majina ya Kinyarwanda, kama Akazuba na Ngabo, zilipelekwa kwenye vituo vya Uviko-19 kupima joto na kupeleka dawa, ili wahudumu wasiwakaribie wagonjwa mara kwa mara. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zilikuwa tayari zikipeleka damu katika hospitali za nchi hiyo zilizo mbali na barabara nzuri. Kwa upande wa Tanzania, majaribio ya mwaka 2018 yalirusha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inajibu shida iliyopo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana nafasi ya kuuliza damu imeletwa na dereva au na mashine.

Udhaifu wake ni kusahau kilicho nyuma ya mashine. Roboti ya Kinshasa inaweza kumpiga picha aliyevuka taa nyekundu, ila haiwezi kumkimbiza, na picha isiyofika kwenye ofisi yenye mamlaka ya kutoza faini ni mapambo. Kuikimbilia mashine kwa kuwa askari anapokea rushwa ni kukiri kwamba askari ametushinda, wala si kumrekebisha. Aidha, majaribio mengi ya aina hii huendeshwa kwa fedha za wafadhili, nao wakiondoka huduma huondoka nao. Mwananchi aliyeshangilia mwanzoni anabaki na sababu ya kutokushangilia mara ya pili.

Hoja ya mkate

Upinzani wa kwanza unahusu kazi, na hapa Kericho, kaunti ya chai nchini Kenya, inasema wazi kuliko kitabu chochote cha uchumi. Mei 2023, waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuma chai, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mashine hizo si roboti kwa maana kamili, kwa kuwa huendeshwa na watu, lakini mgogoro ni ule ule: mashine moja inaweza kufanya kazi ya wachumaji wengi sana. Kikosi kazi cha kaunti kilikadiria kwamba ajira 30,000 zilipotea Kericho katika muda wa miaka kumi kwa sababu ya mashine, kikapendekeza uwiano wa asilimia 60 kwa mashine na 40 kwa mikono.

Hoja hii ina nguvu kwa kuwa hasara yake ina sura na anwani. Faida ya mashine inakwenda kwa mwenye shamba na kwa mnunuzi wa ng'ambo, na hasara inabaki kwenye kijiji kimoja, kwenye karo ya shule na deni la dukani. Kwa nchi ambazo vijana wengi huingia kwenye soko la ajira kila mwaka, kumwambia mchumaji kwamba teknolojia huzaa kazi mpya ni kumpa ahadi isiyo na tarehe.

Hata hivyo, utabiri wa maangamizi umekuwa ukitiwa chumvi. Mwaka 2013 Carl Frey na Michael Osborne wa Oxford walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zimo hatarini. Miaka mitatu baadaye, utafiti wa shirika la nchi tajiri, OECD, ulipata asilimia 9 kwa nchi wanachama. Tofauti ilitokana na namna ya kuhesabu. Wa kwanza walihesabu kazi nzima, wa pili walihesabu majukumu yaliyo ndani ya kazi, na mashine kwa kawaida huchukua jukumu moja moja. Korea Kusini, yenye roboti nyingi kuliko nchi yoyote kwa idadi ya wafanyakazi, ina ukosefu wa ajira ulio chini ya asilimia 4. Lakini Korea inazeeka, ina elimu ya ufundi iliyoenea, na baadhi ya roboti inaziunda yenyewe. Mchuma chai wa Kericho hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Kwa hiyo mfano wa Korea haumfariji, bali unamwonesha anachopaswa kudai.

Hoja ya utu

Upinzani wa pili unasema kwamba zipo kazi ambazo thamani yake imo katika kufanywa na mtu. Japani imetengeneza Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili na manyoya laini, ili kuwatuliza wazee waliopoteza kumbukumbu. Marekani iliitambua kuwa kifaa cha tiba mwaka 2009. Wanaoitetea wanasema mzee hutabasamu na kuacha kuhangaika. Wapinzani, kama mwanazuoni Sherry Turkle, wanajibu kwamba mashine hiyo inaigiza upendo isioujua, na kwamba mzee anastahili zaidi ya kudanganywa vizuri.

Mara nyingi huongezwa hapa kwamba Wajapani hupenda roboti kwa mila yao. Tafiti linganishi za Christoph Bartneck na wenzake hazikuthibitisha hilo, kwani hazikuwakuta Wajapani wakizipenda roboti kuliko watu wa mataifa mengine. Japani ilizigeukia roboti kwa sababu wazee ni wengi na walezi ni wachache. Mahitaji yalitangulia, na maelezo ya mila yakafuata.

Katika jamii zetu hoja ya utu ina mizizi mirefu. Mzazi kulelewa na mashine ilhali ana watoto ni aibu ambayo ukoo mzima ungeibeba. Lakini tukisema kweli, katika nyumba nyingi za mijini mzee halelewi na mwanawe. Analelewa na dada wa kazi anayelipwa kidogo na anayelala wa mwisho. Ulinganisho wa haki, basi, si kati ya mapenzi ya mtoto na ubaridi wa mashine, bali kati ya mashine na msichana huyo asiye na mkataba. Hoja ya utu inayomtetea mzee na kumsahau dada wa kazi imepungukiwa na utu.

Saudi Arabia ilitoa mfano wa pengo hilo kwa kipimo cha taifa. Oktoba 2017 ilitangaza kuipa uraia Sophia, roboti yenye uso wa mwanamke. Wakati huo maelfu ya wanawake kutoka Kenya na Uganda walikuwa wakifanya kazi za nyumbani nchini humo chini ya mfumo wa kafala, uliowafunga kwa mwajiri mmoja. Lawama zilizofuata hazikuhusu uwezo wa roboti. Zilihusu heshima aliyonyimwa mtu na kupewa kitu.

Hoja ya mwili: kutibu na kubadilisha

Mwilini mpaka unaotajwa zaidi ni ule wa kutibu dhidi ya kuongeza, nao haukuanza na teknolojia ya leo. Kwa Waislamu, Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, inataja kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu kuwa ni amri ya Shetani. Lakini wanazuoni wameitumia pia hadithi ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani. Aliweka pua ya fedha, ikamletea uvundo, ndipo Mtume akamwelekeza aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa kawaida haikuruhusiwa kwa wanaume. Fundisho lililotokana na hapo ni kwamba kurejesha kilichopotea si sawa na kubadilisha kilichopo, na dharura ina hukumu yake.

Kwa Wakristo waliotajwa mwanzoni, Ufunuo sura ya 13 inasema juu ya alama mkononi au kwenye kipaji cha uso, ambayo asiye nayo hawezi kununua wala kuuza. Mwaka 2017 shirika la reli la Sweden lilianza kuwaruhusu abiria waliojiwekea chipu mkononi waitumie kama tiketi. Si ajabu wasomaji wa Ufunuo walishtuka. Chini ya lugha ya dini kuna swali la kiraia lenye maana: itakuwaje siku ambayo asiye na kifaa atafungiwa soko?

Udhaifu wa hofu hii ni katika kukitambua kifaa. Chipu za Sweden zina ukubwa wa punje ya mchele, hazina betri, na husomwa tu zikisogezwa karibu kabisa na mashine ya kusomea. Haziwezi kuwasiliana na setilaiti, na hakuna chipu ndani ya chanjo. Anayeikimbia sindano kwa hofu hiyo anabaki na hatari ya ugonjwa, na simu yake mfukoni inaendelea kumfuatilia.

Nao mpaka wa kutibu na kuongeza si mnyoofu kama unavyoonekana. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto viziwi vifaa vya kusaidia kusikia, na kwa wazazi wengi hiyo ni tiba isiyo na mjadala. Lakini mwaka 1991 chama cha taifa cha viziwi cha Marekani kilipinga watoto kupandikizwa vifaa hivyo, kikisema kiziwi si mgonjwa bali ni mtu wa jamii yenye lugha yake. Mwaka 2000 kililegeza msimamo, kikaacha uamuzi kwa familia huku kikisisitiza lugha ya alama. Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 inaitambua Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, imekwisha kuikubali nusu ya dai hilo. Kifaa na lugha vinaweza kukaa pamoja, mradi mtoto asinyimwe kimoja kwa sababu ya kingine.

Hatari isiyopigiwa kelele

Wakati umma unabishana juu ya chipu isiyokuwepo, hatari zilizopo zimepita bila kelele. Kampuni moja ya Marekani ilipandikiza vifaa vya Argus II machoni mwa vipofu, vikawapa mwanga kiasi. Ilipoingia kwenye matatizo ya fedha iliacha kuvihudumia, na zaidi ya watu 350 duniani wakabaki na vifaa visivyo na fundi wala vipuri ndani ya macho yao. Agosti 2017, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka wenye betri za moyo zipatazo 465,000 wajadiliane na madaktari wao kuhusu kusasisha programu, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya angeweza kuziingilia kwa mawimbi ya redio.

Hakuna andiko lililohitajika kuyaona hayo. Yalihitaji swali la kawaida ambalo mnunuzi wa pikipiki huuliza dukani: ikiharibika, naipeleka wapi?

Mizani

Tukiziweka hoja zote pamoja, umbali haupimi vizuri, wala dini peke yake haitoshi kueleza. Watu huikubali mashine pale wanapokuwa wameihitaji wao, wanapojua inafanya nini, na wanapomjua wa kumshika ikienda vibaya. Mgonjwa wa moyo anamjua daktari wake, na dereva wa Kinshasa anaona kwa macho yake kwamba roboti haina mfuko. Mchuma chai hakuulizwa. Raia wa Huduma Namba hakuelezwa taarifa zake zitakaa wapi, wala nani atazifungua.

Kwa hiyo wanaocheka hofu ya umma wanakosea. Kutoamini mfumo usiowajibika ni busara. Lakini wanaoielekeza hofu hiyo kwenye mashine, au kwenye hesabu za 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, nao wanakosea, kwa sababu mwenye mashine anabaki salama. Ushahidi uko mahakamani. Huduma Namba haikusimamishwa na mahubiri. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliwekea mpango huo masharti ya kisheria, na Oktoba 2021 ikatamka kwamba utoaji wa kadi zake ni kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari kwa ulinzi wa taarifa za watu. Hofu ilikuwa ile ile, ila safari hii ilikuwa na kifungu cha sheria.

Msimamo huu nao una gharama yake. Kudai uwajibikaji kabla ya kila kifaa huchelewesha huduma, na mgonjwa anayesubiri anaweza kufa akisubiri. Ndiyo maana kipimo hakiwezi kuwa kimoja kwa vyote. Kifaa cha dharura kinachookoa uhai kiruhusiwe haraka na kisimamiwe baadaye kwa ukali. Kinachopunguza ajira au kukusanya taarifa za watu wazima wenye afya kingoje hadi masharti yake yaandikwe.

Muhtasari

Hoja ya kuzikaribisha roboti ni imara pale shida ni ya kweli na huduma ni ya kudumu. Hoja ya mkate ni imara pale faida na hasara zinapoangukia watu tofauti. Ile ya utu inasimama ikiwa inamtetea pia mlezi, na ile ya mwili inasimama inapotenganisha kurejesha na kulazimisha. Zote hudhoofika zinapoitazama mashine na kumsahau mwenye mashine.

Sheria za kuanzia zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chile ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021, ikaweka ulinzi wa shughuli za ubongo ndani ya katiba. Kinachobaki ni wananchi kuzitumia sheria hizo. Ukiambiwa wewe au ndugu yako awekewe kifaa mwilini, au mashine iletwe kazini kwenu, uliza nani atakihudumia, kwa miaka mingapi, na taarifa zake zinakwenda kwa nani. Kisha dai jibu kwa maandishi, lenye jina na sahihi.